Kenge Asubuhi, Popo Magharibi

Mzee mwenye mtumbwi alinionya kabla hatujaondoka ufukoni: "Ukikohoa tu, umemkosa." Nami nilikuwa na mafua ya siku ya tatu. Kwa hiyo safari yangu ya kumtazama kenge wa Mto Pangani niliianza nimejiziba mdomo kwa leso, kama mtoto aliyeshikwa na kicheko msikitini.

Maji yalikuwa yanakupwa. Nyuma yetu pantoni ilikuwa ikishusha pikipiki na wauza ndizi upande wa Bweni, injini yake ikinguruma mto mzima. Sisi tukashika njia ya juu, tukaacha mji na magofu yake ya kale, tukaingia kwenye mikoko. Mzee alikuwa na upondo, hakutaka kasia. Kasia hupiga kelele, alisema, na kenge si samaki wa kutegwa na mjinga.

Nilitaka tuanze alfajiri. Akanicheka. Kenge haondoki kitandani mapema kama mvuvi. Usiku mwili wake hupoa pamoja na matope, na asubuhi hana nguvu ya kufanya lolote hadi jua limpashe. Ukimtafuta mapema mno utapita mlangoni pake bila kujua. Ukichelewa, keshapata moto na anakimbia kukushinda. Kuna kama saa moja na nusu katikati, yeye amelala juani na macho wazi, na hiyo ndiyo tuliyoifuata.

Wa kwanza nilidhani ni mzizi. Alikuwa amejinyoosha juu ya gogo la mkoko, kidevu kimelala, miguu inaning'inia pande zote mbili kama mlevi aliyepanda punda. Mzee alichoma upondo matopeni na mtumbwi ukatulia. Nilikadiria mita moja na nusu, pua hadi ncha ya mkia, na zaidi ya nusu ya hiyo ilikuwa mkia. Wapo wanaovuka mita mbili. Katika Afrika nzima hakuna mjusi mrefu kuliko huyu. Ngozi yake ilikuwa ya kijivu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, na mistari ya vitone vya manjano iliyofifia mgongoni. Watoto wake, mzee alininong'oneza, wana manjano kali kama kanga mpya. Rangi huchujuka kadiri wanavyokua.

Ulimi ukatoka. Mrefu, mweusi wenye ubuluu, umegawanyika ncha mbili. Ukarudi. Kwa ulimi huo hukusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kaakaa, na kwa kuwa ncha ni mbili anajua kama harufu imetoka kushoto au kulia. Hapo alikuwa anatunusa sisi: samaki mkavu, petroli, dawa yangu ya kifua.

Halafu nikaliona sikio.

Sisi tuliokulia kwa bibi tunalijua sikio la kenge kabla ya kumjua kenge mwenyewe. Ukikataa kutumwa dukani, "una masikio ya kenge, husikii mpaka utoke damu." Nimeambiwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeamini mnyama huyu ni kiziwi. Kumbe nyuma ya jicho kuna tundu, wazi kabisa, na utando wa sikio uko karibu na uso wa ngozi. Nikawa najiuliza bibi angesema nini, na katika kujiuliza nikasahau leso. Kikohozi kilitoka chenyewe.

Gogo likabaki tupu. Sikuona hata namna alivyogeuka. Maji yalipasuka, mkia ukapinda mara mbili, na mzee wangu akanitazama bila kusema neno. Yule bwana alisikia vizuri sana.

Tulimwona wa pili na wa tatu kabla ya saa nne, na wa nne tukamkuta anavuka tope kwa miguu kwenda kwenye mashimo ya kaa. Huyo alikimbia, nami nikafurahi kumwona akikimbia, maana niliwahi kusoma jambo ambalo halikunitoka kichwani. Mjusi wa kawaida akikimbia mwili wake hupinda huku na huku, na misuli inayopinda kiwiliwili ndiyo hiyo hiyo ya kuvutia pumzi; kwa hiyo hukimbia kidogo, akasimama ahema. Jamaa wa ukoo wa kenge wamepata njia ya kando: koo hutanuka na kusukuma hewa mapafuni kama mvuo wa mhunzi, huku miguu inaendelea. Koo la huyu lilikuwa likivimba na kunywea alipofika ukingoni. Sikuweza kuona zaidi.

Mzee hakuwa na mapenzi na kenge, na sikutegemea awe nayo. Wanamtolea samaki kwenye wavu, wanamlia vifaranga, na mwaka mmoja jike mmoja aliingia ndani ya banda la kuku la mkewe akatoka na mayai yote. Hata hivyo alimsifu kwa jambo moja: hula mayai ya mamba. Mamba akiondoka kidogo kwenye kiota chake, kenge yupo. "Wanasema msafara wa mamba na kenge wamo," alisema, "wanadhani anafuata kwa kujipendekeza. Anafuata chakula."

Nilimuuliza kenge mwenyewe anataga wapi. Akanionyesha kwa kidevu, juu ya ukingo, kichuguu cha mchwa kilichozidi kimo cha mtu. Mvua zikilainisha udongo, jike hupanda akakichimba kichuguu kilicho hai, akataga humo mayai yake, mara nyingi dazeni mbili au tatu, wakati mwingine hadi sitini, kisha huenda zake. Mchwa hawawezi kuvumilia ukuta uliobomoka. Huziba tundu usiku huo huo au kesho yake. Tangu hapo mayai yana nyumba yenye joto lisilobadilika na unyevu wa kutosha, yenye maelfu ya walinzi wasiojua wanalinda nini. Hukaa humo miezi sita, tisa, hata zaidi, mpaka mvua nyingine zilainishe ukuta na watoto wachimbe kutoka, kila mmoja na meno yake na njaa yake. Mama hawajui, wao hawamjui mama.

Hesabu hiyo nataka tuiweke kando, nitaihitaji nikifika Pemba.

Maana kenge amewindwa vibaya. Katika karne iliyopita ngozi zake zilisafirishwa nje ya Afrika kwa mamia ya maelfu kwa mwaka zikawa mikoba, viatu na mikanda ya saa, mpaka biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Waganda hadi leo huwamba ngozi yake kwenye engalabi, ile ngoma ndefu nyembamba isiyokosekana kwenye sherehe za Buganda. Bado yupo. Tena yupo hata asikoalikwa: huko Florida, Marekani, watu walinunua vifaranga vya kenge kama vya kuchezea, wakashtuka vilipokua, wakaviachia, na tangu miaka ya 1990 mji wa Cape Coral una kenge wa Nile kwenye mifereji yake, na wanalipwa watu kuwatega. Nilipomsimulia mzee, akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Waje wachukue na hawa wa mke wangu."

Kutoka Pangani nilirudi Tanga kwa basi, na kutoka Tanga meli ilichelewa saa nne bila mtu kutuambia sababu. Tukakaa juu ya mizigo. Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Wete aliyekwenda bara kumwona daktari wa macho, na nilipomwambia nakwenda kutazama popo akanyamaza kidogo.

"Popo," alisema, "au popobawa?"

Tulicheka wote wawili, yeye kidogo kuliko mimi. Nakumbuka nilivyosikia habari hizo mwaka 1995: mzuka wa Pemba, mwenye kivuli cha bawa la popo, unaovamia watu usingizini. Mwalimu alikuwapo. Vijiji vizima vililala nje, watu wamezunguka moto, wanaume wazima wanaogopa kuingia kwenye nyumba walizojenga kwa mikono yao. Hofu ikavuka bahari hadi Unguja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, na wapo waliosema mengi juu ya hilo. Mwalimu alipofika hapo akageukia maji na kuuliza kama nina tende.

Mkondo wa Pemba ni jambo la kustaajabisha ukijua kilicho chini yake. Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo wa bara. Bahari ikishuka vya kutosha, kama ilivyoshuka zama za barafu, mtu angetoka Bagamoyo hadi Unguja kwa miguu. Pemba haimo katika hesabu hiyo. Kati yake na Tanga pana kilomita kama hamsini tu, lakini bonde lililo chini linakaribia mita 800, na kisiwa kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana kina viumbe vyake ambavyo huvikuti penginepo, na mkubwa kati ya hivyo ndiye niliyemfuata.

Wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi. Jina la pili ni la Mjerumani, Alfred Voeltzkow, aliyezunguka visiwa hivi akikusanya wanyama mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwenzake Paul Matschie ndiye aliyemwandika rasmi mwaka 1909. Wapemba walikuwa wakimwita popo na inatosha. Lakini asichanganywe na popo wa bara. Wale wakubwa wanaoruka jioni Dar es Salaam ni ukoo mwingine. Huyu ni wa kundi ambalo ndugu zake wako Madagaska, Komoro, Ushelisheli, Mauritius, na kuendelea hadi India, Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Mafia kuna mmoja wao. Bara la Afrika, kuanzia Pembe hadi Rasi, hakuna hata mmoja. Wametoka mashariki, wakirukaruka visiwa kwa visiwa, wakafika Pemba, wakaiona milima ya Usambara siku hewa ikiwa safi, na hapo wakakoma. Kilomita hamsini kwa mnyama mwenye mabawa hayo si kitu. Kenge naye ni wa mito ya bara, mtoto wa Afrika hasa. Mkondo niliouvuka nikiwa nimeketi juu ya gunia la vitunguu ndio mpaka wa jamaa ya popo huyu.

Kidike iko kaskazini ya Chake Chake, unaacha barabara ya Wete ukaingia njia ya vumbi katikati ya mikarafuu. Nilifika saa tisa alasiri. Kijana wa kikundi cha kijiji alinipokea, akaandika jina langu kwenye daftari, akanipa risiti na kuniomba nizime simu. "Usiwe na wasiwasi na kikohozi, mgeni wetu," aliongeza aliponisikia. "Wao wenyewe hawanyamazi."

Kweli tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kelele za soko, za watu wanaogombea nafasi. Kisha harufu, tamu na nzito, kama embe lililosahauliwa kabatini. Kisha mti mzima uliojaa matunda meusi, na matunda yakajikuna.

Nilikuwa nimetarajia kitu cha kutisha, nakiri. Nilipowekewa darubini machoni nikaona uso wa mbwa mdogo: pua ndefu, masikio yaliyosimama, macho makubwa ya rangi ya chai, na manyoya ya kichwa na shingo yenye wekundu wa kutu iliyopigwa na jua. Alikuwa ananitazama. Hawa hawatumii mwangwi wa sauti kutafuta njia kama popo wadogo wa darini. Wanatumia macho, na harufu kwa kutafuta tunda lililoiva. Lilikuwa joto, na wengi walikuwa wamefungua bawa moja wakijipepea polepole, kama wanawake kwenye baraza baada ya kupika biriani. Wengine walijilamba kifua ili mate yakikauka yawapoze. Nikamkumbuka kenge akisubiri jua limwashe mwili. Huyu moto ni wake, anao ndani, na kazi yake ya mchana ni kuupunguza.

Mmoja akafungua mabawa yote mawili. Kijana akaniambia hufika mita moja na sentimita sitini. Ukimlaza kenge wa Pangani chini na kumtandazia popo huyu, bawa kwa bawa, atafunikwa kutoka pua hadi ncha ya mkia na kubaki kidogo. Lakini ukiwaweka kwenye mizani, kenge ana kilo zake kadhaa, na popo hafiki hata kilo moja. Nusu kilo hivi, zaidi kidogo kwa dume aliyeshiba. Bawa ni ngozi na vidole tu.

Nikamuuliza swali la utotoni. Kwetu tuliambiwa popo ana tundu moja, anakula kwa mdomo na kutoa haja kwa mdomo. Nilisema kwa aibu kidogo. Kijana hakucheka; inaonekana wageni wote kutoka bara huuliza. "Subiri," akasema. Hatukusubiri sana. Popo mmoja alijiinua, akashika tawi kwa kucha za vidole gumba vilivyo juu ya mabawa, akaachia miguu, akaning'inia kichwa juu kama sisi, akafanya shughuli yake, akajikung'uta, akarudi alivyokuwa. Usafi wa kiungwana kabisa. Hivyo uongo wa pili wa malezi yangu ukafia Kidike, siku mbili baada ya ule wa sikio.

Wanachokitema mdomoni ni makapi. Popo huyu hutafuna embe, shelisheli au tini la porini, hukamua maji yake kwa ulimi kwenye kaakaa, kisha hutema nyuzi zilizobanwa kama kidonge. Mbegu ndogo humezwa na kudondoshwa mbali, akiwa angani. Kisiwa kilichokatwa misitu kwa ajili ya karafuu, kikabaki na vipande kama Ngezi, kinamhitaji mpandaji wa namna hiyo.

Na mpandaji huyo alikaribia kwisha. Mzee mmoja aliyekuja kuketi nasi kwenye benchi alinieleza jinsi walivyokuwa wakiwanasa zamani, kwa nyavu na ulimbo, wawili watatu kwa usiku. Kisha zikaja bunduki za marisau. Mti wenye popo mia tatu wamelala, risasi moja, huhitaji hata kulenga. Wapo waliosema nyama hiyo haramu, wapo waliokula. "Na waliosema haramu," mzee aliongeza, "wengine tuliwaona jikoni." Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliofika walitafuta sana ndipo wakaona wachache, na hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitoa elfu chache tu kwa kisiwa kizima, yaani kwa dunia nzima.

Hapo ndipo ile hesabu ya kichuguu inapoingia. Jike wa popo huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mmoja. Humbeba kifuani hata akiwa anaruka kutafuta chakula, mpaka awe mzito. Ukiua kenge mia, majike waliobaki wana mayai elfu ndani ya vichuguu, na mchwa wanayafungia mlango. Ukiua popo mia mtini, umemaliza miaka ya kijiji chote cha popo, na wachanga walioshikilia vifua vya mama zao wamekwenda nao. Kenge alivumilia viwanda vya mikoba vya dunia. Popo alishindwa kuvumilia bunduki chache za Pemba.

Kilichombakiza, kwa sehemu, ni makaburi. Miti mikubwa ya maziara ya kale haikatwi, na hakuna aliyetaka kufyatua bunduki juu ya wazee wake, kwa hiyo baadhi ya makundi yalijihifadhi huko bila kujua. Halafu katikati ya miaka ya 1990, Idara ya Misitu ya Zanzibar na shirika la Uingereza la Fauna & Flora International walianza kwenda vijijini, na vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti yao ya popo. Ndiyo miaka ile ile ya popobawa. Fikiria kazi hiyo: unakwenda kwenye kijiji ambacho watu wanalala nje kwa kuogopa bawa, ukawaambia njooni tulinde popo. Nilimuuliza mzee walifanyaje. Akasema hakuna aliyewahi kuwachanganya. "Popobawa ana bawa tu. Huyu ana tumbo." Sikuelewa vizuri, na sikuona heshima ya kuuliza tena. Kuelekea mwaka 2010 hesabu ilikuwa imepanda hadi kama 20,000.

Kwa kenge hakuna aliyeunda kikundi. Sidhani kama angekubaliwa. Ni vigumu kumwandikia risiti mgeni aje kutazama mwizi wa vifaranga.

Adhana ya magharibi ilianza mbali, upande wa bondeni, na mti ukabadilika. Kelele zikapungua. Mmoja akajiachia, akaanguka kama ndoo iliyokatika kamba, akashika hewa. Wakafuata kumi, kisha sikuweza kuhesabu. Waliruka polepole, mabawa yakipiga kwa mpigo mzito unaosikika, wakapita juu ya mikarafuu kuelekea kaskazini. Mmoja alipita chini kabisa na nikaona kifuani kitu kimeng'ang'ania, kikichungulia. Wakati huo huo Pangani yule wa kwenye gogo alikuwa ameingia shimoni, anapoa.

Nililala Wete. Usiku kitu kiligonga bati mara kadhaa, tap, tap, kwa vipindi. Asubuhi mama mwenye nyumba alikuwa barazani na ufagio wa chelewa, anafagia vidonge vya nyuzi za manjano, vikavu, vyenye alama za kaakaa kama muhuri. Nikaokota kimoja.

"Hao popo mlioenda kuwapigia picha," alisema bila kuinua kichwa, "muwaambie embe zangu haziko Kidike." Akazisukuma taka zote hadi ukingoni mwa baraza, zikaanguka kwenye kishamba chake cha mihogo.